Mgodi usio na shimo: tiyo, visima na maji ya kunywa



Ukitoka Mbunya ukateremka hadi Kasenyi, utafika ufukoni mwa Ziwa Albert. Ng'ambo ile ni Uganda. Huko, chini ya ukuta wa milima, kuna kijiji kiitwacho Kibiro, ambako wanawake wametengeneza chumvi kwa mamia ya miaka. Hawapasui mwamba. Hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, karibu na chemchemi za maji ya moto, na jua huvuta chumvi kutoka chini mpaka inaingia katika udongo ule. Kisha huukwangua, huutia katika chungu chenye matundu, humimina maji juu yake, na maji yanayodondoka huwa makali kwa chumvi. Wanayachemsha, chumvi inabaki. Udongo uliooshwa hautupwi: hurudishwa pale pale ukavute chumvi nyingine.

Basi chukua chungu kile cha Kibiro. Kifanye kiwe kikubwa kama uwanja wa mpira, kizike mita mia moja au mia mbili chini ya ardhi, na mahali pa mkono wa mama anayemimina maji weka pompi na tiyo. Huo ndio mgodi wa kuyeyusha. Hakuna shimo la kushukia, wala baruti, wala mwamba wa kukuangukia kichwani. Maji yaliyotiwa dawa huingizwa kwa kisima kimoja, hupita polepole ndani ya mwamba yakiyeyusha madini, huvutwa juu kwa kisima kingine, hupelekwa kiwandani madini yakatolewa, na maji yale yale hurudishwa chini kufanya kazi tena.

Chumvi hutolewa hivyo katika nchi nyingi. Urani nayo: Kazakhstan, inayoongoza ulimwenguni kwa kutoa urani tangu mwaka 2009, hutumia njia hii, na dawa yake ni asidi ya sulfuriki, ndiyo hiyo iliyo ndani ya betri ya gari. Huko Wyoming na Texas, Marekani, hutia oksijeni na magadi katika maji. Shaba nayo imeyeyushwa hivyo karibu zaidi nasi, nchini Zambia, na tutafika huko hivi punde.

Utasema: hapa kwetu ni dhahabu, na dhahabu ya Kilo haitolewi kwa visima. Ni kweli. Madini yetu yamekaa katika mwamba mgumu na katika mishipa ya mawe meupe, na maji hayapiti humo kama yapitavyo katika mchanga. Ndiyo maana tangu kazi ya Kilo ilipoanza mwaka 1905 watu wameosha changarawe za mito, wamechimba, wamepasua na kusaga. Lakini tazama mambo mawili. Ndugu zetu wengi hutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Katanga, ambako asidi ni kitu cha kila siku. Tena dhahabu yetu nayo huyeyushwa, ila juu ya ardhi. Kibali, kule Durba katika Haut-Uele, mgodi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, mwamba husagwa kuwa unga na dhahabu hutolewa ndani ya matangi kwa maji ya sianidi. Anayefanya kazi penye tangi na anayefanya kazi penye kisima wanaishi na kitu kimoja: tiyo iliyojaa maji mabaya, na robine inayoyazuia.

Katika mgodi wa shimo, hatari mara nyingi hujionyesha. Mwamba hulia kabla ya kuanguka, mbao hupinda, moshi huwasha macho. Maji ya dawa hayajionyeshi. Yakiwa katika tiyo ni kama maji ya mto, na yakiwa chini ya ardhi hakuna mtu wa kuyaona. Kwa hiyo usalama wa kazi hii hutiwa ndani yake na yule anayechora visima na tiyo juu ya karatasi, kabla mashine ya kutoboa haijafika. Aliyesahau kitu siku hiyo atawaachia wengine shida kwa miaka.

MUFULIRA, JANUARI 2008

Mufulira ni mji wa shaba nchini Zambia, karibu na mpaka wetu wa Katanga. Mgodi wake ni wa shimo refu, lakini sehemu nyingine za mwamba zilikuwa zikiyeyushwa kwa asidi: inaingizwa kutoka juu, inashuka katika mwamba, na maji yenye shaba yanakusanywa chini. Mji ule ule ulikuwa ukipata sehemu ya maji yake ya kunywa kutoka katika maji yanayovutwa mgodini. Mwanzoni mwa Januari 2008 asidi ilifika katika maji ya watu. Watu wapatao 800 walitibiwa, wenye maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara.

Fikiri mpango wa namna hiyo ulivyo. Maji ya dawa na maji ya kunywa yanatoka katika ardhi moja, yakiinuliwa na pompi za mgodi mmoja. Mambo yakienda sawa miaka kumi, hakuna anayeona ubaya, na pengine mkubwa mmoja atasifiwa kwa kuokoa fedha. Siku jambo moja likikosekana, hakuna ukuta kati ya asidi na kikombe cha mtoto. Swali la kwanza la mpango wowote wa namna hii liwe hili: watu wa hapa wanakunywa maji ya wapi? Kama jibu ni "ya hapa hapa", basi watafutiwe maji mengine kwanza, au kazi isianze.

TOA ZAIDI YA UNAYOTIA

Wapangaji huchora visima kama nukta tano za dadu: vinne pembeni, kimoja katikati. Vile vya pembeni huingiza maji, cha katikati huvuta. Kutoka kisima hadi kisima ni makumi ya mita, kadiri mwamba unavyopitisha maji. Kisha dadu nyingine inawekwa kando ya ile, na nyingine tena, mpaka eneo lote linakuwa shamba la visima.

Kinacholifanya shamba hilo lisiwe sumu kwa jirani ni hesabu moja ndogo. Ukivuta lita 1000, rudisha 990 tu. Zile kumi zilizopungua zitajazwa na maji safi ya nje yanayokimbilia ndani, na maji mabaya hayawezi kutoka kwa sababu mkondo wote unaelekea katikati. Ukigeuza hesabu, ukatia 1010 na kuvuta 1000, zile kumi zilizozidi ni lazima ziende mahali, na hakuna mtu atakayezifuata chini ya ardhi kuzirudisha. Kwa hiyo kila kisima kiwe na mita yake, na mita zisomwe kila zamu na kuandikwa. Mfanyakazi anayeandika namba za jana bila kwenda kutazama amefungua robine ya sumu kwa kalamu.

Sasa lita hizo kumi zinakwenda wapi? Hapo mipango mingi hukosea. Chukua shamba linalopitisha lita 100 kila sekunde, na kila sekunde lita 1 hairudi chini. Kwa siku moja ni lita 86 400, yaani mapipa 432 ya lita 200. Kesho 432 mengine. Mahali pa kuyaweka na pa kuyasafisha pajengwe kabla ya kisima cha kwanza kufunguliwa. Kama bwawa litachimbwa "tutakapopata nafasi", bwana fundi atabanwa siku bwawa dogo limejaa na mvua inanyesha, na atafanya lile analoweza: atarudisha maji yote chini. Hesabu itageuka hapo hapo.

Mvua ya Ituri mnaijua. Bwawa lipimwe kwa mvua kubwa ya mwaka mbaya, na liachiwe nafasi tupu juu. Chini liwe na ngozi mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, na kati ya hizo mbili tiyo ndogo inayotokeza nje. Tiyo hiyo ikianza kudondosha maji, ngozi ya juu imetoboka, nawe umejua mapema wakati ya chini bado inashika. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa shaba ulibomoka, na mamilioni ya lita za maji ya asidi zikaingia katika mto unaomwaga katika Kafue. Samaki walikufa mbali sana na pale, na mji mkubwa wa Kitwe ukafungiwa maji.

UMEME UKIKATIKA

Sina haja ya kumweleza mtu wa Mbunya kwamba umeme hukatika. Budana ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Kilo, na wazee wa kazi wanajua maana ya kusimama gizani mkisubiri.

Pompi za kuvuta ziko ndani ya visima na zinataka nguvu nyingi. Pompi za kuingiza ziko juu, na pengine maji ya dawa hushuka yenyewe kutoka tangi lililo mlimani, bila umeme wowote. Umeme ukikatika, kuvuta kunasimama mara moja, lakini kuingiza kunaweza kuendelea usiku kucha. Kwa hiyo nyaya zifungwe hivi: pompi ya kuvuta ikifa, ya kuingiza ife nayo, na robine ya tangi la mlimani ijifunge yenyewe. Umeme ukirudi, kuingiza kusiamke mpaka mtu ahakikishe kwa macho kwamba kuvuta kumeanza. Na jenereta ya akiba, kama kompani imenunua moja tu, ipewe pompi za kuvuta, hata kabla ya taa za ofisi.

KISIMA CHENYEWE NA WALINZI WAKE

Kisima kimeshuka kupitia tabaka nyingi, na mojawapo huenda ndiyo inayolisha chemchemi ya kijiji. Kwa hiyo tiyo ya kisima izungukwe na simenti tangu chini mpaka juu, bila kuacha nafasi. Kabla ya kazi hujaribiwa: huzibwa chini, hujazwa maji, husukumwa kwa presha, kisha mafundi huketi wakitazama saa ya presha. Mshale ukishuka, tiyo imepasuka mahali, na kisima hicho hakiingizwi dawa. Huko Marekani jaribio hilo hurudiwa kila miaka 5. Kisima kilichopita mwaka wa kwanza hakijapata cheti cha milele.

Tabaka lenye madini linatakiwa kuwa na udongo wa mfinyanzi juu yake na chini yake, kama sufuria na mfuniko. Lakini wachunguzi waliotafuta madini miaka iliyopita walitoboa mfuniko huo mara nyingi, na matundu yao yamesahauliwa porini. Kila tundu la zamani litafutwe na kuzibwa kwa simenti. Hapa wazee wa kijiji wana msaada kuliko ramani. Mzee aliyechunga mbuzi pale atakuonyesha: mashine ilisimama hapa, na hapa, na pale penye mti.

Kuzunguka shamba lote huwekwa visima vya walinzi, ambavyo haviingizi wala havivuti, vinachotwa maji ya kupimwa tu. Wapimaji hutazama kwanza chumvi ya maji, kwa kuwa chumvi husafiri upesi kuliko metali. Chumvi ikipanda katika kisima cha mlinzi, metali ziko nyuma yake njiani, na bado kuna nafasi ya kupunguza kuingiza na kuongeza kuvuta. Maji hayo yapimwe pia kabla mgodi haujaanza, miezi mingi, kiangazi na masika. Bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote baadaye, wala kompani wala kijiji.

TIYO JUU YA ARDHI

Sasa tufike kwenye kitu unachokishika kwa mikono. Siku hizi tiyo nyingi za kazi hii ni za plastiki nyeusi nzito, zinazounganishwa kwa kuyeyusha ncha zake kwa moto. Asidi haizili kama inavyokula chuma. Zina tabia moja inayomshangaza mgeni: jua linazirefusha. Mita 100 za tiyo hiyo, zikipata joto la digrii 20 zaidi ya asubuhi, huongezeka urefu kwa kadiri ya sentimeta 30 hadi 40. Usiku hurudi. Ukiilaza imenyooka kama kamba na kuifunga ncha zote mbili, itavuta maungio yake kila siku mpaka siku moja yaachane. Kwa hiyo ilazwe ikipindapinda kama nyoka, na vigingi viizuie isihame njia bila kuibana. Ukiona tiyo imejipinda adhuhuri, usiinyooshe.

Je, izikwe au ilazwe juu? Wapangaji hubishana. Ikizikwa, lori halitaikanyaga na moto wa nyasi hautaifikia, lakini ikivuja utajua siku migomba inapokauka. Kwa maoni yangu, hapa kwetu ambako nyasi huchomwa kila kiangazi na pikipiki hupita popote, tiyo kubwa ilazwe ndani ya mfereji ulio wazi wenye ngozi ya plastiki, na nyasi zilimwe pande zote mbili. Penye barabara ipite ndani ya tiyo kubwa zaidi ya chuma. Mfereji ulio wazi unakusanya uvujaji, na mlinzi anayepita anauona.

Tiyo ya maji ya kunywa isipite katika mfereji huo kamwe, hata kwa mita tano, hata kama fundi anasema ni ya muda tu. Na isiungwe popote na tiyo ya kiwanda. Mpira wa maji uliotumbukizwa ndani ya tangi la dawa ni hatari ile ile: presha ikishuka mjini, mpira hunyonya kurudi nyuma, na dawa itatoka katika robine ya jikoni. Maji safi yaangukie tangi kutoka juu, na kati ya mdomo wa tiyo na uso wa maji kuwe na hewa.

Angalia pia uzito. Tiyo yenye upana wa sentimeta 20 ndani, kwa urefu wa mita 100, imebeba zaidi ya tani 3 za maji, na maji hayo yanatembea kwa mwendo wa mtu. Ukifunga robine ghafula, tani hizo tatu zinagonga kama gari, na ungio lililo dhaifu linapasuka. Usikae kulifikiria sana: robine kubwa hufungwa polepole, na mpango mzuri huweka zile za kuzungusha mara nyingi badala ya zile za kufunga kwa mkono mmoja.

Na robine iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuifikia siku mambo yameharibika. Mahali pamoja, sitapataja, nilikuta robine ya kufunga asidi imewekwa ng'ambo ya tiyo yenyewe. Ungio likivuja, ili uifunge ilikupasa upite chini ya mvujo. Mchoraji alikuwa ameiona nafasi nzuri kwenye karatasi. Mtu wa zamu ya usiku angeuliza swali moja tu na kosa hilo lingefutwa kwa kifutio. Ndiyo sababu tunasema michoro ya tiyo ipelekwe kwa watu wa zamu kabla ya kununua vitu, nao waipitie na taa mkononi, pale pale penye uwanja.

Siku ya kufungua ungio la tiyo, hata ukiambiwa ni tupu, fanya hivi. Funga robine za pande zote mbili, zitie kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Mwaga kilichobaki kwa robine ya chini. Vaa miwani na kinga ya uso. Kisha legeza kwanza boliti zilizo mbali na mwili wako, ili kama kuna presha iliyobaki, maji yaruke upande wa pili. Mafundi wengi wa zamani hulegeza zile za karibu kwa sababu ndizo mkono unazofikia, na wamefunzwa na makovu.

NYUMBA YA ROBINE

Tiyo ndogo za visima hukutana katika nyumba ndogo ambamo kuna mita, saa za presha na robine za kila kisima. Ni mahali pa kivuli, na mvua ikinyesha watu hupenda kujificha humo. Usifanye hivyo. Penye urani, gesi ya radoni hutoka katika maji na kujikusanya humo. Hupumuliwa bila harufu na huleta saratani ya mapafu baada ya miaka. Nyumba hiyo ipangwe na feni inayoanza kabla mtu hajafungua mlango, na chakula kisiingizwe. Penye tiyo za oksijeni pana jambo jingine: mafuta au grisi vikiguswa na oksijeni yenye presha vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Mkono uliotoka kutengeneza injini usiguse robine hizo.

Wale wa dhahabu wasikilize hapa. Katika kiwanda cha sianidi kuna pia asidi, ya kuoshea makaa yanayobeba dhahabu. Kila moja peke yake ni hatari. Zikikutana, hutoka gesi inayoua kwa dakika chache. Sianidi hulindwa kwa chokaa, ili kipimo cha pH cha maji kisishuke chini ya 10. Asidi ikimwagika katika mfereji huo huo, ulinzi wote umekwisha. Kwa hiyo sakafu za sehemu hizo mbili zisimwagie mfereji mmoja wala kisima kimoja cha maji machafu. Ni jambo la kupangwa siku simenti inapomwagwa. Baadaye utaweka kibao cha onyo tu, na maji hayasomi.

Mwenzako akianguka penye sianidi, usimkimbilie bila kinga ya hewa, maana mtakuwa wawili. Akishatolewa kwenye hewa safi, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi, aitwe mganga wa kompani, wala usimpulizie mdomo kwa mdomo. Aliyepatwa na asidi machoni aoshwe dakika 15 kamili, hata akisema yatosha. Bafu la dharura liwe mbele ya macho, hatua chache kutoka penye kazi, bila ngazi wala mlango wa kufuli. Tangi lake likae kivulini: nimewahi kuona moja lililopigwa na jua mchana kutwa, na maji yake hayavumiliki hata kwa mkono.

SIKU YA KUFUNGA MGODI

Huko Ucheki, mahali paitwapo Stráž pod Ralskem, urani iliyeyushwa kwa visima tangu miaka ya 1960 mpaka 1996. Zaidi ya tani milioni 4 za asidi ya sulfuriki ziliingizwa chini. Kando yake palikuwa na mgodi wa shimo uliovuta maji ili wachimbaji wasizame, na kuvuta huko kulishindana na visima vya jirani, maji ya asidi yakatawanyika. Kazi ya kuyasafisha ilianza mwaka 1996 na inaendelea hata sasa. Wajukuu wa wale waliotia asidi ndio wanaoivuta.

Kwa hiyo katika karatasi ya mpango mtafute pia ukurasa unaosema pompi zitaendelea kuosha mwamba muda gani baada ya madini kwisha, kwa fedha ipi, na nani atapima maji baadaye. Kama ukurasa huo haupo, wajumbe wa wafanyakazi na wakubwa wa kijiji wana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

KWAKO MAMA NYUMBANI

Nguo za kazi zibaki kazini zikafuliwe huko. Kompani isiyo na mahali pa kufulia imekuletea kazi ya kiwanda katika beseni la mtoto, nawe sema. Bidoni na mapipa ya kiwanda, hata yakionekana mazuri na yakiuzwa rahisi sokoni, usiyatie maji wala mawese wala kasiksi. Plastiki hunywa dawa na kuirudisha polepole, na hakuna sabuni inayoitoa. Mapipa hayo hutobolewa kiwandani ili yasiuzwe. Ukiona zima sokoni, limeibwa au limesahauliwa, na ofisi ya usalama inataka kujua limetoka wapi.

Watoto wasichezee mabwawa ya mgodi, na ng'ombe wasinyweshwe huko kiangazi hata kama yamekuwa maji pekee ya karibu. Na kama kisima chenu kimebadilika, maji yana ladha ya chuma au ukali kama wa limau, au chumvi isiyokuwapo, msingoje mtu augue. Jaza chupa safi mpaka juu, ifunge, andika siku, saa na jina la kisima, uipeleke ipimwe. Jaza na ya pili, uiweke nyumbani.